Pesa za safari ya Ulaya: ubebe kadi au noti?

Kutoka Vienna hadi Bratislava ni kama saa moja kwa treni, na euro zako zinafanya kazi kote kuwili. Ukiendelea hadi Budapest unakutana na forinti, na Prague ni koruna. Kwa anayeondokea Dar es Salaam au Nairobi, naipanga orodha yangu ya njia za kubeba pesa hivi, kuanzia iliyo bora.

Namba moja ni kadi ya kawaida ya benki, Visa au Mastercard. Kiwango chao huwa karibu na cha soko; kinachouma ni makato ambayo benki yako huongeza kwa kila muamala wa nje. Uliza ni asilimia ngapi, na uwaarifu unasafiri, kadi isije ikafungwa ukiwa kaunta ya hoteli. Mtego mkubwa uko kwenye mashine: ATM au mashine ya dukani itakuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa pesa ya huko, mfano koruna ukiwa Prague. Chagua pesa ya huko, kila mara. Ukikubali shilingi, anayepanga kiwango ni wenye mashine, nao hawajipunji. Muuzaji mwingine hubonyeza bila kukuuliza, kwa hiyo soma skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Na toa pesa kwenye ATM za benki, si zile za mitaa ya watalii zisizo na benki nyuma yake.

Ya pili ni euro taslimu, za kutosha siku chache tu. Omba noti za 20 na 50. Ya 500 iliacha kutolewa mwaka 2019, na ingawa bado ni halali, maduka mengi huikataa. Ujerumani bado ina mikahawa isiyotaka kadi, na vyoo vya stesheni huhitaji sarafu. Sweden ni kinyume, huko noti ndiyo inayokataliwa. Ukiingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi, lazima uzitangaze forodha. Shilingi ziache nyumbani.

Kadi ya sarafu nyingi, ile unayoijaza kabla, naiweka ya tatu, ingawa wauzaji wake huisifia sana. Inafaa ukibaki kwenye nchi za euro. Kama haina forinti, kahawa ya Budapest itakukata mara mbili: shilingi kwenda euro, kisha euro kwenda forinti.

Mwisho kabisa ni maduka ya kubadilisha fedha. Bango la “hakuna kamisheni” halina maana. Tazama pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Czechia, nchi ya Prague, ina nafuu yake: tangu 2019 sheria inakuruhusu kufuta mabadilishano yasiyozidi euro 1,000 ndani ya saa tatu, basi tunza risiti. Kwenye uwanja wa ndege usibadilishe hata nauli, kwani mashine za tiketi za Prague hupokea kadi.