Historia ya Kanisa kwa masafa: je, wanafunzi wa kujitolea wanasaidia?

Elimu ya theolojia kwa enezi ilianza Guatemala mwaka 1963, katika seminari ya Kipresbiteri iliyoona kwamba viongozi wengi wa makanisa hawawezi kuacha kazi na familia wakaishi bwenini. Muundo wake haujabadilika sana: unasoma kitini nyumbani, unafanya mazoezi, kisha unakutana na wenzako na mkufunzi. Baadhi ya kozi siku hizi huongeza wanafunzi wa vyuo vya theolojia wanaojitolea kusahihisha mazoezi na kujibu maswali kwa simu. Kwa somo la Historia ya Kanisa huduma hii ina thamani kubwa, ila yote inategemea kinachoandikwa pembeni mwa karatasi.

Chukua sentensi hii, maana hujirudia mno: "Mwaka 313 Kaisari Konstantino aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola." Msahihishaji dhaifu anaweka alama ya kosa, anaandika 4/10, basi. Anayesoma peke yake hapati kitu hapo. Msahihishaji mzuri anaandika: "313 ni ruhusa ya kuabudu. Dini ya dola ni 380, wakati wa Kaisari Theodosio. Rudia ukurasa huo, kisha uandike upya kwa sentensi mbili." Nikea nayo ni hivyo hivyo. Wengi huamini kwamba mtaguso wa huko, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa 325, ndio uliochagua vitabu vya Biblia, ilhali ulishughulikia mafundisho ya Ario, padri aliyekana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta katika waraka wa Pasaka wa Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Asipoelekezwa mahali pa kusoma, mwanafunzi atakariri tarehe mpya juu ya dhana ile ile ya zamani.

Halafu kuna istilahi. Kitini kimoja kinasema mtaguso, kingine baraza. Huku Augustino, kule Agostino, na msomaji mgeni anadhani ni watu wawili. Karatasi moja ya majina, iliyokubaliwa na wasahihishaji wote kabla ya somo la kwanza, inaondoa tatizo hilo.

Mtaguso wa Kalkedonia, 451, uliotamka kwamba Kristo ana asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, ndipo wanaojitolea huteleza zaidi. Kuwaita Wakristo wa Kanisa la Kikopti na la Kiorthodoksi la Ethiopia, ambayo hayaukubali mtaguso huo, "Wamonofisiti" (watu wa asili moja tu) ni kuwabandika jina ambalo makanisa yao yenyewe hulikataa. Mkufunzi apitie majibu ya somo hilo mwenyewe.

Udhaifu mkubwa ni msimu wa mitihani. Wanaojitolea nao wana mitihani yao, hivyo wote hunyamaza majuma yale yale na mazoezi yanarundikana. Kila kundi lipewe wasahihishaji wawili wa ratiba tofauti, na daftari moja: jina, somo, alama, kosa kuu, tarehe ya kurudisha. Bila daftari, anayepokea zamu huanza upya kabisa.

Jumbe za sauti zinapendwa, lakini tarehe hupotea humo. Zisizidi dakika mbili, na miaka yote iandikwe chini yake. Vitini vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ni vizito kupakua, tena huwezi kutafuta neno ndani yake. Kuvichapa upya ni kazi inayomfaa sana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye bado hajaiva kusahihisha insha.