M16A1 na M16A2: msokoto wa mtutu na kasi ya risasi

Ndani ya mtutu wa bunduki ya kijeshi M16A1 ya Marekani, mifereji iliyojisokota kama skrubu, inayoizungusha risasi, humaliza mzunguko mmoja kila inchi 12. M16A2, iliyoingia jeshini miaka ya 1980, huumaliza ndani ya inchi 7 tu.

Wengi hudhani msokoto mkali ndio unaokula kasi. Kweli A2 iko nyuma kidogo: risasi yake hutoka kwa takriban mita 940 kwa sekunde, ya A1 kama 990. Ila mchawi hapo ni uzito. Ya A2 ina gramu 4, ya A1 gramu 3.6. Msokoto wenyewe huiba kiasi kidogo mno, maana nishati ya kuzunguka haifiki hata asilimia 1 ya nishati ya mwendo.

Penye tofauti kubwa ni kuzunguka: mara 3,200 hivi kwa sekunde kwa A1, zaidi ya 5,000 kwa A2. Risasi ndefu isipozungushwa vya kutosha huyumba na kupinduka hewani. Kilicholazimisha inchi 7 hasa ni risasi ya kumulika njia (inayowaka ikiruka ili mpigaji aone inakopita), ambayo ni ndefu zaidi. Ile ya kawaida ingetosheka na inchi 9. Anayetafuta kasi aangalie kwanza urefu wa mtutu.