Vihisi vya nyufa kwenye fleti yetu Embakasi: uzoefu wangu

Fleti yetu iko Embakasi, juu ya ule udongo mweusi unaowakosesha wajenzi usingizi: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka. Kuta nazo hufuata. Zamani tulitegemea mbinu ya mafundi, kipande cha kioo kinachobandikwa kwa plasta kuvuka ufa. Kikivunjika, ukuta umesogea. Lini, kwa kiasi gani, na kama umerudi, kioo hakisemi.

Kuwashawishi wenzangu kwenye kamati ya fleti tufunge vihisi, yaani vifaa vya kupima mwendo wa ukuta, hakukuwa kazi. Nani Nairobi amesahau lile jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 2016 kukiwa na mvua kubwa, watu zaidi ya 40 wakafa?

Tulivyofungiwa ni vihisi vidogo kama kiberiti. Vingine vimeshika kingo mbili za ufa na kupima upana wake, vingine viko kwenye nguzo vikiangalia kama zinainama. Kila kimoja kina betri yake, hulala karibu muda wote, kisha huamka kila saa na kurusha kipimo hadi kwenye kisanduku kilicho chumbani kwa keateka. Humo mna laini ya simu inayopeleka data kwenye mtandao.

Grafu za mwanzo zilinitia kiwewe, maana ufa ulikuwa ukicheza mchana na usiku. Mhandisi alicheka. Zege hutanuka kwa joto: urefu wa mita 10 ukipata nyuzi 10 zaidi, huongezeka kama milimita moja. Akaniambia niache mawimbi ya kila siku, nifuate mstari wa wiki hadi wiki. Ufa unaokwenda na kurudi ni hali ya hewa. Unaokwenda bila kurudi ndio wa kuitiwa mtu.

Masika yalipoanza, nguzo za upande mmoja tu zikaanza kuinama, polepole mno kwa jicho. Kwenda kuangalia, bomba la maji ya paa lilikuwa limechomoka kwenye kiungo nyuma ya tangi, likimwaga yote kwenye msingi. Fundi bomba alilirudisha, na baada ya muda ule mstari ukatulia. Kwangu mimi hapo pesa zilirudi.

Sasa kero. Stima ikipotea, betri ya akiba ya kisanduku haifiki mbali, na hapa kwetu stima hupenda kupotea mvua ikinyesha, wakati hasa unapotaka vipimo. Kihisi kimoja cha chini kilikuwa bubu hadi kilipohamishwa, kwa sababu nondo nyingi huzuia mawimbi ya redio. SMS za tahadhari zilitufikia usiku wa manane kwa kipimo kimoja kilichoruka. Na kampuni ilitaka kutuonyesha picha za grafu tu. Namba zenyewe tulizipata kwa kuwaandikia barua.

Anayejenga sasa ana nafasi ambayo sisi hatuna: vihisi hufungwa kwenye nondo kabla ya zege kumwagwa. Daraja la I-35W kule Minneapolis, Marekani, lilipoanguka 2007 na kuua watu 13, lile lililochukua nafasi yake 2008 liliwekewa vihisi zaidi ya 300. Ila zege mbovu itabaki mbovu hata ukiipima kila dakika, na mhandisi bado utamlipa.

Tumelipia tena, kwa masharti: namba zote ni zetu, tahadhari itumwe vipimo vitatu mfululizo vikikubaliana, na kisanduku kipate sola.