Laptopu ya mtumba: ulipie i7 au ulipie SSD?

Ukienda kutafuta laptopu ya mtumba Kariakoo, muuzaji atakuonyesha kwanza kile kibandiko kilicho pembeni mwa kibodi: i7, jina la daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel, lililo juu ya i5. Bei yote imesimama juu ya kibandiko hicho. Wewe muulize mambo mawili: prosesa ni ya kizazi cha ngapi, na diski ya kuhifadhia mafaili iliyo ndani ni SSD (ya chipu) au HDD (ya sahani inayozunguka)?

Nikipanga zinazopatikana sana madukani kuanzia iliyo bora, ya kwanza ni i5 ya kizazi cha 8 yenye SSD na RAM ya GB 8, mfano ThinkPad T480. i5-8250U ina kore 4 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), wakati i7-7500U ya kizazi kilichoitangulia ina kore 2 tu, i7 yake yote hiyo. Tena Intel nyingi za kabla ya kizazi cha 8 hazimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Ya pili ni mashine hiyohiyo ikiwa na HDD. Usiikimbie, itumie kushusha bei. Prosesa za laptopu hizi zimelehemiwa kwenye ubao mama, hakuna fundi wa kukubadilishia kirahisi, lakini diski ni kufungua skrubu chache na kuweka SSD.

Ya tatu ni i5 ya kizazi cha 6 yenye SSD, kama EliteBook 840 G3. Kwa kuandika barua, Excel na intaneti inatosha kabisa, mradi ujue suala la Windows 11.

Ya mwisho, na ndiyo inayonadiwa kwa kelele kuliko zote, ni i7 ya zamani yenye HDD. HDD nyingi za laptopu zina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila faili likiitwa, kichwa cha kusomea lazima kisogee kulifuata. Safari moja hupita milisekunde 10. Windows ikiwaka inaita maelfu ya vifaili vidogo, kwa hiyo prosesa inakaa inasubiri tu. SSD haina kinachozunguka. Inajibu kwa takriban milisekunde 0.1.

Anayehariri video au kuchora ramani za majengo ana haki ya kulipia prosesa kubwa, ila naye asikubali HDD iwe diski ya kuwashia. Kuhusu SSD za aina ya NVMe, zinasoma hata MB 3,500 kwa sekunde dhidi ya 550 hivi za SSD za aina ya SATA. Kwa kazi za ofisi hutaona tofauti ya kukutoa pesa. Vilaptopu vyenye eMMC (hifadhi ndogo iliyolehemiwa kwenye ubao mama) ya GB 32 au 64 viache hapohapo.

Kabla ya kulipa, iwashe mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, utazame palipoandikwa Disk: patakuambia ni SSD au HDD. Ikiwa ni HDD, huenda ukaikuta imeganda kwenye asilimia 100 na hujafungua chochote. Beba CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kwenye flashi pia. Ikisema Caution (tahadhari), diski hiyo ihesabu kuwa haipo, na bei iteremke ipasavyo.