Bamba la graniti pembeni ya jiko la kuchomea: uzoefu wangu Bububu

Kama una jiko la kuchomea la kujengwa uani, na unaishi karibu na bahari kama sisi huku Bububu, Unguja, weka bamba la graniti pembeni yake. Letu limepigwa na mvua za masika na jua la kaskazi, na bado tunakatia, tunapakia na kuoshea juu yake kama siku lilipofungwa.

Jiko lenyewe ni la matofali ya kuchoma, wavu juu, tundu la majivu chini. Moto ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mahali pa kufanyia kazi. Aliyewahi kupika samaki wa kupaka anaelewa. Tui zito limeshachanganywa na ukwaju, thomu na pilipili, na bakuli lazima liwe karibu na mkono, maana samaki anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena. Ukiingia ndani kufuata kijiko, ukirudi upande mmoja umeshaungua. Sisi sinia lilikuwa juu ya kiti cha plastiki, ubao wa kukatia juu ya ndoo, pweza kwenye beseni chini, na paka wanazunguka.

Kila mtu alikuwa na ushauri wake. Tailizi ni rahisi, lakini magamba na mafuta huingia kwenye viungio vya saruji na harufu haitoki. Ubao wa mvule ni mzuri kwa macho, ila ukiloa na kukauka kila siku hupasuka, na maji ya kuku mbichi huyanywa. Stenlesi nayo zipo aina. Ile ya kawaida ya vyombo vya jikoni, 304, kwa hewa yetu ya chumvi huanza kutoa madoa ya rangi ya kahawia. Aina ya 316 imetiwa madini ya molibdeni na huhimili chumvi vizuri zaidi, lakini bei yake ni nyengine kabisa.

Kuna jamaa alinishauri nitumie mawe yetu ya matumbawe, kwa kuwa Mji Mkongwe wote umejengwa kwa hayo. Kwa ukuta, sawa. Kwa meza ya chakula karibu na moto, hapana. Jiwe la matumbawe ni lile lile linalochomwa tanuuni likawa chokaa, na ndimu na siki hulila. Marumaru halisi ni ndugu yake. Graniti asili yake ni nyengine, ndimu hailiumizi jiwe lenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji awe makini, maana madukani kila jiwe linalong'aa linaitwa graniti. Nilikwenda karakana ya kukatia mawe na ndimu mfukoni. Unakamua matone machache kwenye kipande cha pembeni kisichopigwa msasa, unatazama kwa karibu. Likitoa vipovu vidogo, au ukifuta likabaki doa lililofifia, hilo si graniti. Halafu tone la maji: likiingia na jiwe likawa jeusi pale baada ya dakika chache, utahitaji kulipaka dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kulitumia, khasa kama unapika na manjano. Langu nililipaka, na nitakuwa nalirudia kila nikiona maji hayasimami tena juu yake.

Ulizia mabaki. Karakana hizi hukata meza za majiko ya nyumba na hoteli, na vipande vinavyobaki huegemezwa ukutani nyuma. Changu kilitoka huko, kwa bei nafuu kuliko bamba zima: urefu mita 1.5, upana sentimita 60, unene sentimita 3. Ni zaidi ya kilo 70, kwa hiyo tafuta watu wanne na ujenge miguu ya bloku iliyokaa sawa kabla gari halijafika. Nilichukua rangi ya kijivu. Nyeusi inapendeza, lakini jua la saa saba mchana huifanya isigusike.

Malalamiko yangu kwa karakana ni moja. Nililipia kingo zote nne zilainishwe, likaja limelainishwa mbele tu, na upande wa nyuma ulikuwa unakata. Fundi wangu alimaliza kwa grenda, na gharama hiyo ilikuwa juu yangu.

Fundi ndiye aliyeifanya kazi idumu. Aliacha nafasi ya vidole vitatu kati ya bamba na ukuta wa moto, kwa sababu graniti ikipata joto kali upande mmoja na maji baridi upande mwengine inaweza kupasuka. Hakulikandika saruji, alililaza juu ya gundi ya silikoni. Kwa pimamaji aliliwekea mteremko mdogo kuelekea bustanini, na chini ya ukingo wa mbele akachonga mfereji mwembamba ili maji yadondoke, yasirudi kwenye miguu.

Matumizi sasa: vibichi vinakaa upande wa mbali na moto, vilivyoiva upande wa karibu, na havibadilishani nafasi. Mishikaki tunaitunga palepale. Visu tunatumia na ubao, maana jiwe huua makali. Likiloa mafuta ya samaki linateleza, basi weka kitambaa kibichi chini ya ubao. Kuosha ni maji ya moto na sabuni.

Kilichobaki ni bomba na sinki dogo mwisho wa bamba, maana maji bado tunayabeba kwa ndoo kutoka ndani.