Betri ya Trela kwa Kambi za Jangwani: Uliza Kwanza Kama Itapokea Chaji Asubuhi ya Baridi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wenye trela za kulala huko Arizona na Nevada yanafanana mno. Mtu amenunua betri mpya ya lithiamu, ameifunga pale ilipokuwa ile ya zamani, amekwenda kupiga kambi kwenye ardhi ya umma, na asubuhi moja akakuta paneli za sola zinapigwa na jua zuri huku betri haipokei chochote. Akirudi dukani huambiwa kwamba betri ni mbovu au paneli ni ndogo, kisha huuziwa kitu kingine. Mara nyingi hapakuwa na kitu kibovu hata kimoja. Betri ilikuwa na baridi, na hakuna aliyemweleza mnunuzi kwamba betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Jambo hili ni zito kwa sababu ya mahali penyewe na msimu wenyewe. Ardhi ya jangwa inayosimamiwa na BLM, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia ardhi ya umma, kwa kawaida huruhusu kambi ya siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, bila bomba la maji, bila umeme na, sehemu nyingi, bila malipo. Katika maeneo ya kukaa muda mrefu, kama vile La Posa karibu na Quartzsite na Imperial Dam karibu na Yuma, ada ya msimu imekuwa dola 180, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa hiyo watu huenda majira ya baridi, kwa kuwa kiangazi cha huko hakikaliki. Quartzsite iko chini, takriban mita 270 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake kwa kawaida hauwi mkali sana. Ukipanda kwenda Alabama Hills huko California, au Valley of the Gods huko Utah, ambako mwinuko unapita mita 1,300, maji yaliyoachwa kwenye ndoo nje huganda usiku.

Sasa tazama betri inakaa wapi. Katika trela nyingi imewekwa nje kabisa, mbele, juu ya vyuma vinavyounganishwa na gari, ndani ya kasha la plastiki lisilozuia baridi hata kidogo. Kwa hiyo kigezo nitakachopangia betri hapa ni jinsi zinavyopokea chaji katika baridi hiyo. Ukubwa na idadi ya miaka ya dhamana utavikuta vimeandikwa kwenye kila tangazo, kwa hiyo sitavirudia isipokuwa pale panapolazimu.

Anayemaliza betri usiku wa jangwani ni hita, wala si taa wala simu. Hita ya trela huunguza gesi, lakini feni yake hutumia umeme wa betri, kwa kawaida kama ampea 7. Ikiwaka nusu ya usiku wa saa 12, imekula takriban ampea-saa 42. Betri ya kawaida inayokuja na trela ina ampea-saa 80 hivi, na kwa kuwa betri ya risasi, yaani ile ya kawaida yenye asidi, haifai kushushwa chini ya nusu, umeshamaliza akiba yote kabla hakujapambazuka. Kisha hutokea jambo ambalo wengi hudhani ni ubovu wa hita. Ndani yake kuna swichi ndogo yenye kibati chembamba kinachosukumwa na upepo wa feni, na gesi haiwashwi mpaka kibati hicho kimesukumwa vya kutosha. Umeme ukipungua, feni huzunguka kivivu, kibati hakifiki, gesi haiwaki, na feni inaendelea kupuliza hewa baridi chumbani huku ikikamua kilichobaki. Anayeamka saa kumi alfajiri akasikia feni inaunguruma na pua yake imeganda, na aitazame betri kwanza kabla ya kumwita fundi wa hita.

Kwa hali hiyo, nafasi ya kwanza naipa jozi ya Trojan T-105, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Trojan ilianzishwa California mwaka 1925, na T-105 ni betri ya risasi ya volti 6 yenye ampea-saa 225, iliyozoeleka miaka mingi kwenye magari madogo ya viwanja vya gofu. Unafunga mbili kwa mfululizo upate volti 12. Baridi ya nyuzi 0 huipunguzia uwezo wake kwa kama moja ya tano, na chaji huingia polepole zaidi, lakini huingia. Ukitoa hiyo moja ya tano, kisha ukaacha nusu bila kuigusa, unabaki na takriban ampea-saa 90, yaani zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya hita kwa usiku mmoja. Jua likichomoza inaanza kupokea papo hapo, bila kompyuta ndani yake inayoamua kukataa.

Betri hii inadai matunzo, na asiyekuwa tayari kuyatoa asiinunue. Kila moja ina uzito wa kilo 28, hivyo hakikisha kwanza kwamba gari lako linamudu uzito huo sehemu ya mbele ya trela. Maji yake yakaguliwe kila mwezi na kuongezwa maji ya betri yaliyosafishwa, wala si ya bomba. Inahitaji kuchajiwa hadi karibu volti 14.8, ilhali chaja nyingi zinazofungwa kiwandani kwenye trela hazifiki hapo, na vidhibiti vingi vya sola hutoka dukani vikiwa vimewekwa kwenye volti 14.4. Rekebisha kidhibiti siku unayokifunga. Usipofanya hivyo betri haitajaa kamwe, chumvi ya risasi itagandamana kwenye sahani zake, na utaitupa mapema huku ukiilaumu bure. Vilevile usiiache ikiwa tupu usiku wa baridi: iliyojaa haigandi kwa baridi yoyote ya jangwa hili, lakini iliyokwisha chaji huganda nyuzi chache tu chini ya 0, na ikiganda hupasuka.

Nafasi ya pili ni ya lithiamu yenye kipasha joto ndani yake. Renogy na LiTime wanazo. Ni nyepesi, haihitaji maji, na unaweza kutumia karibu umeme wake wote. Ninachotaka uelewe ni kwamba kipasha joto hicho nacho kinakula umeme. Asubuhi ya Januari, jua likiwa chini, paneli ya wati 100 hutoa ampea chache tu, na hizo zote huishia kwanza kupasha betri kabla ya chaji yenyewe kuanza. Siku za majira ya baridi ni fupi, na saa za asubuhi zinazopotea hivyo hazirudi. Mwenye paneli za wati 400 hatalijali sana hilo. Mwenye paneli moja ya kukunjwa atalihisi kila siku.

Lithiamu isiyo na kipasha joto naikubali kwa sharti moja: iwekwe ndani ya trela, chini ya kitanda au chini ya viti, mahali ambapo joto la hita linafika, na iwe na kinga inayokata chaji kwenye baridi. Zile za bei rahisi kabisa, chini ya dola 300, ambazo hazitaji kinga hiyo popote, ziache. Ikichajiwa ikiwa imeganda, madini ya lithiamu hujipaka juu ya sahani ndani yake na uwezo unaopotea haurudi tena.

Betri kavu za Lifeline ni nzuri na hazitaki maji, ila bei yake sioni kinachoihalalisha kwa mtu wa kambi ya wikiendi. Betri ya boti ambayo wauza trela huongeza kwenye hesabu inatosha kufunga breki na kukufikisha nyumbani.

Na hao wauzaji wana deni kwetu. Maneno ya "kinga ya baridi" yaliyoandikwa kwenye kasha hayatoshi, kwa sababu mara nyingine maana yake ni kwamba betri hukata wakati wa kutoa umeme kwenye nyuzi 20 chini ya 0, jambo lisilokusaidia lolote. Swali la kuuliza ni moja: chaji inakatwa kwenye nyuzi ngapi? Asiyeweza kukuonyesha jibu katika karatasi ya vipimo asipewe pesa yako. Ndivyo ilivyo pia kwa trela zinazouzwa kwa sifa ya kuwa "tayari kwa sola": kinachouzwa huko mara nyingi ni tundu la kuchomekea waya tu, bila paneli wala kidhibiti, na mnunuzi hugundua akiwa kilomita nyingi kutoka kwenye lami. Tena, ukinunua betri ya risasi hutozwa amana ambayo hurudishwa ukipeleka betri ya zamani. Wauzaji wengi huinyamazia, kwa hiyo nenda na betri yako ya zamani na uidai.

Ukichukua Trojan, soma msimbo uliogongwa kwenye vichwa vyake kabla ya kulipa. Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari, na tarakimu inayofuata ni mwaka. Betri ya risasi iliyokaa rafuni nusu mwaka bila kuchajiwa imeshaanza kuharibika, hata ikiuzwa kwa bei ya mpya, na zile mbili unazonunua ziwe za mwezi mmoja.