Misimu miwili na Missouri Fox Trotter kwenye mbio ndefu

Nilimchukua farasi huyu, wa aina ya Kimarekani, kwa ajili ya kiuno changu. Miaka ya kurushwarushwa na farasi wa Kiarabu waendao matiti, yaani mwendo wa kurukaruka ambao miguu hukanyaga miwili miwili kwa mshazari, ilikuwa imeniumiza. Missouri Fox Trotter hana mrusho ule: mguu wa mbele unakanyaga kitambo kidogo kabla ya mguu wa nyuma wa upande wa pili, kwa hiyo daima kuna kwato ardhini, nawe juu ya tandiko unabebwa kama mzigo wa mayai. Kilomita 80 za kwanza nilishuka na kutembea wima. Kwa starehe ya mpandaji, sina neno.

Ila kwenye kituo cha ukaguzi njiani daktari wa mifugo haulizi habari za kiuno chako. Anamsikiliza farasi moyo, na katika mashindano ya kimataifa mapigo lazima yashuke hadi 64 kwa dakika, au unatolewa. Hapo ndipo nilipohangaika. Farasi wangu ana kifua kipana na mapaja yaliyojaa, na nyama nene hushika joto. Siku ya jua kali nilimmwagia maji shingoni, ndoo juu ya ndoo, huku farasi wa Kiarabu wa mwenzangu, mwembamba na mwenye ngozi laini, akiwa ameshapita na anatafuna nyasi. Siku za baridi tofauti hiyo karibu siioni.

Jambo jingine sikuambiwa na aliyeniuzia. Farasi hawa hutikisa kichwa kwa kufuata mwendo wao, na farasi anayechechemea naye hutikisa kichwa. Daktari alituagiza tukimbie mbele yake mara tatu, namvuta kwa kamba, macho yake yakiwa kwenye masikio ya farasi yanayopanda na kushuka, moyo wangu ukidunda kuliko wa mnyama. Tulipita. Tangu siku hiyo namfundisha kwenda matiti halisi akiongozwa kwa mkono, na kabla ya kuanza namwonyesha daktari mwendo wake wa kawaida ili awe na cha kulinganisha.

Wengi hukosea kumlazimisha aende telki, ule mwendo wake laini, saa zote kwa sababu ndiyo waliyoilipia. Mlimani mwache atembee, tambarare mpe nafasi ya shoti kidogo, yaani akimbie, misuli ipokezane kazi. Telki nzuri ni ile anayoitoa mwenyewe kwenye njia ya mawe, na huko, kwa kweli, kwato zake ni za uhakika kuliko za farasi yeyote niliyepanda. Peruvian Paso, farasi wa Peru anayezungusha miguu ya mbele kwa nje, ni mzuri ajabu kumtazama, lakini kwa kilomita 160 za miamba nisingemchagua.

Anayetaka kushinda Tevis Cup, mbio za kilomita 160 za milima ya Sierra Nevada huko Marekani ndani ya saa 24, achukue farasi wa Kiarabu. Anayetaka kumaliza akiwa mzima, amtafute Fox Trotter mwembamba, ampandishe kilima kirefu kabla ya kulipa, kisha asimame na saa mkononi ahesabu mapigo mpaka yatulie. Mimi sikuhesabu. Wangu namtandika tena msimu ujao, mbio za majira ya baridi tu.